Kibali cha uwanja kiandikwe kwa mita na kwa saa

KWA MHARIRI,

Kunapozuka vurumai langoni mwa uwanja wa umma hapa Mombasa, iwe Makadara, Tononoka au Uhuru Gardens, lawama humwangukia askari wa kaunti aliyesimama pale, kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana na rungu. Zitazame karatasi walizoshika wanaogombana. Kundi moja lina risiti ya kaunti ya kulipia uwanja. La pili lina nakala ya arifa iliyopigwa muhuri kituo cha polisi. Kila upande unaapa kwamba kibali ni chake, na hakuna anayesema uongo. Kosa lilifanyika majuma matatu nyuma, mezani, wala hapakuwa na rungu.

Barua hii ni ya yule anayeongoza, au atakayekabidhiwa, kitengo kinachotoa vibali vya kutumia ardhi ya umma katika kaunti hii: viwanja, bustani, fuo na kando za barabara. Neno langu kwake ni moja. Kibali ambacho askari hawezi kukikagua papo hapo akiwa na futikamba na saa ya mkononi hakijakamilika, hata kiwe na mihuri mitatu.

Nianze na hizo karatasi mbili. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara ampe mkuu wa kituo cha polisi arifa si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Ile ni arifa. Polisi hawakodishi uwanja. Kazi yao hapo ni usalama, na kumjulisha mwandalizi mapema iwapo mwingine ametangulia kuleta arifa ya mahali hapo, siku hiyo, saa hiyo. Kaunti nayo inakodisha uwanja bila kujua nani ametangulia kituoni. Madaftari mawili yasiyosomana, na kila moja ni sahihi.

Piga hesabu ya mkutano wa tarehe 20. Mlango wa arifa ya polisi unafunguka tarehe 6 na kufungwa tarehe 17. Kwa hiyo jibu la kaunti kuhusu uwanja linafaa kutoka kufikia tarehe 5, ili mwandalizi aende kituoni akijua mahali anapo. Ofisi ikijibu tarehe 12, tayari kuna mtu ameandikisha arifa yake na kuanza kubandika mabango. Dawa yake ni ya miguu tu: kila Jumatatu na Alhamisi karani apeleke kituoni nakala ya ukurasa wa wiki wa daftari la viwanja, na arudi na orodha ya arifa zilizopokewa. Ni kazi ya saa moja. Ikielekea msimu wa kampeni za Agosti 2027 asipofanya hivyo, kiongozi wa kitengo atakuwa anatatua mizozo langoni kila wikendi.

Daftari lenyewe liwe moja kwa kaunti nzima, kwa kaunti ndogo zote sita, na kila uwanja uwe na ukurasa wake. Ombi linapopokewa, liandikwe kwa kalamu ya risasi pamoja na saa ya kupokewa. Likilipiwa, liandikwe kwa wino. Lisipolipiwa kwa saa 72, lifutwe na wa pili katika foleni apigiwe simu. Bila sheria hiyo ndogo, wajanja huzishika Jumamosi zote za Disemba bila kulipa senti, kisha huziuza kwa wenye harusi. Na kinachoandikwa kiwe muda wote wa kukalia uwanja, tangu lori la hema kuingia mpaka lori la mwisho kutoka. Harusi ya Jumamosi alasiri hula Ijumaa jioni kwa kufunga na Jumapili asubuhi kwa kufungua na kufagia. Anayepewa Jumapili saa mbili asubuhi atakuta nguzo bado zimesimama. Kompyuta ni nzuri, lakini mfumo ukizimika siku mbili, ukurasa wa karatasi ndio utakaoiokoa ofisi.

Kisha kuna saa. Fomu nyingi ni za Kiingereza na hujazwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili. Mtu anaandika "saa 4". Je, ni saa nne asubuhi, au ameinakili 4 ya simu yake akimaanisha saa kumi alasiri? Tofauti ni saa sita kamili, muda unaotosha shughuli mbili kukutana mlango mmoja. Usiku nao una mtego wake hapa Pwani. Kwa wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo mtu akiomba uwanja kwa kesha la maulidi "usiku wa Ijumaa", huenda anamaanisha Alhamisi jua likishatua. Karani aliyetoka bara atamwandikia Ijumaa. Kibali kiandikwe kwa maneno na kwa tarakimu: saa kumi alasiri, 16:00, usiku wa Alhamisi tarehe fulani kuamkia Ijumaa tarehe fulani. Ni wino wa mstari mmoja tu.

Mita ndizo zinazoogopwa zaidi, na sioni kwa nini, kwa kuwa hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua kiwanja cha mita 60 kwa 40. Ni mita za mraba 2,400. Ondoa jukwaa, hema la wageni, vyoo, jenereta, na njia ya upana wa mita 4 ya zimamoto na ambulansi; tuseme vimekula 700. Zimebaki 1,700. Ukiruhusu watu 2 kwa kila mita ya mraba, ambao wanaweza kusimama, kugeuka na kupishana, kiwanja kinabeba 3,400. Lakini kwenye fomu mwandalizi ameandika 10,000 kwa fahari. (Mwingine ataandika 500 ili alipe kidogo, na watakuja wale wale.) Watu 10,000 katika nafasi hiyo ni karibu 6 kwa kila mita ya mraba, na hapo mtu hatembei tena kwa miguu yake, anabebwa na msukumo wa wenzake, na akianguka hainuki.

Halafu lango. Kipimo kinachotumika katika viwanja vya michezo vya Uingereza ni watu 82 kwa dakika kwa kila mita 1 ya upana wa njia ya kutokea, ardhi ikiwa tambarare, na umati wote uwe umetoka ndani ya dakika 8. Kwa watu 3,400 unahitaji upana wa zaidi kidogo ya mita 5. Malango mawili ya mita 3 yanatosha, kwenye karatasi. Siku yenyewe lori la jenereta linaegeshwa mbele ya lango la nyuma kwa sababu nyaya za fundi ni fupi. Sasa kuna mita 3 tu, na umati ule ule unahitaji karibu dakika 14 kutoka. Hakuna aliyevunja sharti lolote, kwa kuwa sharti lililoandikwa kwenye kibali lilisema: "Mwandalizi ahakikishe usalama wa umma." Askari akague nini hapo? Sharti liwe hivi: "Jenereta: kona ya karibu na tangi la maji, mita 5 kutoka kwa hema, nyaya zisizopungua mita 40. Lango la nyuma: wazi na bila gari, saa nane mchana hadi saa tatu usiku." Hilo hata askari wa wiki ya kwanza kazini analikagua.

Vigingi vya hema pia vitajwe. Kwenye bustani, kigingi cha chuma kikipigwa bila kuuliza hutoboa bomba la kunyunyizia maji, na hasara huonekana baada ya wiki, bustani ikiwa imekauka upande mmoja. Kwenye kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, hakishiki kitu. Hapo ifungwe kila nguzo kwa uzito, na uzito rahisi hapa mjini ni pipa la lita 200 lililojazwa maji, kama kilo 200. Mafundi wengine huleta mapipa matupu, wakitumaini mfereji utakuwa unatoka maji. Wakati wa kusi upepo hauwasubiri.

Fuo ndizo zinazohitaji ujuzi wa hapa hapa, na ndiko vibali huandikwa kama kwamba bahari haipo. Afisa anakwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta saa nne asubuhi ya bamvua (siku za mwezi mwandamo au mpevu, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yamekupwa, anaona mchanga mpana, anaidhinisha jukwaa na mahema kumi. Siku za bamvua bahari yetu hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, ndiyo saa ambayo umati umefika kilele. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila 20 hupoteza mita 20 za upana kila maji yakipanda mita 1. Mahema kumi yaliyoidhinishwa asubuhi yatakuwa baharini alasiri, na umati wake utakuwa umesukumwa juu, barabarani, katikati ya magari.

Tazama na sikukuu. Idi ya Mfunguo Mosi (Idi-ul-Fitr) huandama mwezi, kwa hiyo huja na bamvua kila mwaka: alasiri ya Idi, watoto wamejaa ufuoni, ndipo maji nayo yanapojaa. Idi ya Mfunguo Tatu (Idi-ul-Adha) huwa tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, maji bado ni dhaifu, na alasiri yanatoka. Idi mbili, ufuo mmoja, vibali viwili tofauti kabisa. Anayetoa kibali cha pili kwa kunakili cha kwanza hajamuuliza mvuvi yeyote. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji ya Kilindini. Libandikwe ukutani juu ya meza ya karani, na kwenye kila kibali cha ufuo iandikwe saa ya kujaa kwa siku ile. Na mpaka wa chini wa eneo upimwe kutoka kwenye ule mstari wa mwani uliokauka ulioachwa na bamvua iliyopita, angalau mita 5 kuelekea juu. Mstari huo hauhitaji mpimaji, hata mtoto anauona.

Ufuo una wenyewe wengi pia. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma chini ya serikali kuu, ikisimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Jedwali la Nne nalo linaipa kaunti kazi ya fuo na mahali pa burudani. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1986, inayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori. Kwa hiyo mwenye kutaka kuweka jukwaa kwenye mchanga na boti za kubeba watalii majini anahitaji majibu matatu, na ni wajibu wa ofisi kumwambia hivyo siku ya kwanza, si siku ya ishirini. Mambo ni yale yale kwingineko. Ukiwa Mji wa Kale, ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa ina neno. Barabara nyingine ni za kaunti, nyingine za mamlaka za serikali kuu. Uwanja wa shule una bodi yake. Kila ukurasa wa daftari uanze na karatasi moja ya maelezo: eneo kwa mita za mraba, nani mwenye ardhi, nani wa kuulizwa, malango mangapi na upana wake, maji na umeme viko wapi, msikiti, hospitali na shule vilivyo karibu viko umbali gani. Kuitengeneza karatasi hiyo kwa kiwanja kimoja ni kazi ya siku moja kwa watu wawili. Ikishatengenezwa, karani mpya hahitaji kumtafuta mzee wa ofisi ndiye amweleze.

Nataja mwenye ardhi kwa sababu nyingine pia. Kibali cha muda kikikaa sana hugeuka ukuta. Anayepewa nafasi ya kibanda leo huzungushia mabati kesho, kisha matofali, na siku moja hati hujitokeza. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi za umma, zikiwemo hifadhi za barabara, zilivyogawiwa kinyume cha sheria. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha Nyali kilichotokana na nafasi ya umma ya kuelekea baharini, ikasema hati iliyozaliwa na ugawaji usiofuata sheria hailindwi, hata kama mwenye kuishika alikinunua kwa pesa zake. Kwa hiyo juu ya kila kibali iandikwe kwa herufi kubwa kwamba si hati ya kumiliki, hakiuzwi wala hakirithiwi, na tarehe ya mwisho iwe ya siku na mwezi. "Hadi itakapoamuliwa vingine" ndiyo mbegu ya ukuta. Hata leseni ambayo Sheria ya Ardhi ya 2012 inairuhusu Tume ya Kitaifa ya Ardhi kutoa kwa ardhi ya umma isiyogawiwa haizidi miaka 5.

Wachuuzi sitawasemea sana, maana habari zao zimeandikwa mpaka wino ukaisha. Jambo linalofanya kazi ni kisanduku: nafasi ya mita 1.5 kwa 1.2 iliyopigwa rangi chini na kutiwa namba, huku njia ya waendao kwa miguu ikibaki na mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu vipishane. Kibali kitaje namba ya kisanduku, saa za kuuza, na kiwe na picha ya mwenyewe. Muuza mihogo na viazi karai atandike bati lenye mchanga chini ya jiko, kwa kuwa mafuta yakishaingia kwenye kabro hayatoki. Wizi wa hapa hufanywa na yule mmoja mwenye visanduku kumi kwa majina ya binamu zake, anayewakodisha wachuuzi wa kweli. Anagundulika kwa njia moja tu: ukaguzi wa ghafla mara tatu kwa saa tofauti, na mwenye picha akikosekana mara zote tatu, apewe ilani ya maandishi ajieleze, kisha kisanduku kirudi kwenye foleni. Ilani isirukwe, hata akijulikana na mtaa mzima. Bila hiyo, mahakama itamrudishia kisanduku chake.

Nenda sasa kwenye mitaro. Anayekata barabara kupitisha bomba au waya naye anatumia ardhi ya umma, na uharibifu wake huishi kuliko wa harusi yoyote. Mtaro wa kina cha mita 1 unapaswa kurudishiwa udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikitiwa maji kiasi na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Ni tabaka sita au saba. Kinachofanyika ni kumwaga udongo wote kwa mkupuo, kuukanyaga kwa miguu, na kufunika kwa lami siku hiyo hiyo jioni. Kiangazi unaonekana mzuri. Mvua ya masika ikija Aprili, udongo unanywea, lami inabonyea, maji yanasimama, na kufikia Juni lipo shimo la kumeza gurudumu la tuktuk. Mkaguzi akifika baada ya lami kuwekwa, amefika kuangalia mfuniko. Sharti liseme mkandarasi apige simu tabaka ya pili ikishashindiliwa na asiendelee mpaka mkaguzi apitie, na amana isirudishwe kabla masika moja haijapita juu ya mtaro huo. Wakandarasi watalalamika kwamba pesa zao zinalala. Zilale.

Hiyo amana, ambayo watu huiita dipoziti, ndiyo inayoivunjia ofisi heshima kuliko kitu chochote. Mwenye hema amefagia uwanja, ameondoa taka zake, haki yake ni kurudishiwa pesa. Anazungushwa miezi. Watu hudhani kuna mtu amezila. Mara nyingi sababu ni nyingine: amana ilipokewa kwa namba ile ile ya malipo ya ada, ikaingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, na kwa Kifungu cha 207 cha Katiba pesa zilizoingia humo hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Shilingi elfu kumi za mwenye harusi zimekuwa mapato ya serikali. Kiongozi wa kitengo akae na watu wa fedha kabla ya jambo lingine lolote, amana iwe na akaunti yake ya kushikia pesa za watu, na ada iende upande wake. Ukaguzi wa mwisho ufanyike asubuhi inayofuata, picha nne za pembe nne zipigwe mahali pale pale zilipopigwa kabla ya shughuli, na karatasi ya kurudisha amana isainiwe uwanjani. Siku 7 za kazi zinatosha. Mwandalizi aliyerudishiwa amana yake kwa siku 7 hufagia vizuri zaidi mara ya pili. Yule aliyeinyimwa huacha vifusi, kwa kuwa ameshakata tamaa nayo tangu mwanzo.

Pesa zisipitie simu ya afisa yeyote, hilo linajulikana. Lisilofanywa ni kulinganisha: kila Ijumaa ihesabiwe idadi ya mistari ya wino kwenye daftari dhidi ya idadi ya malipo yaliyoingia wiki hiyo. Ikipungua hata moja, itafutwe siku hiyo. Ikisubiri mwisho wa mwaka wa fedha, itapatikana hadithi tu.

Kuhusu watu wa kitengo. Anayepokea fomu asiwe anayepima uwanja, na anayepima asiwe anayesaini. Wakaguzi wahamishwe kaunti ndogo kila miezi michache, Likoni kwenda Jomvu, Changamwe kwenda Kisauni, kwa sababu mkaguzi aliyekaa mahali pamoja miaka mitano ameshakuwa na wateja. Kiongozi akisafiri, amwachie mtu, kwa barua, mamlaka ya kutia saini. Mafaili mengi hayajibiwi kwa sababu tu bosi yuko Naivasha kwenye semina. Fomu ikaguliwe mbele ya mwombaji, papo hapo, na kama inakosa kitu aambiwe vyote vinavyokosekana kwa karatasi moja. Mchezo wa kumwambia leo leta kitambulisho, kesho leta ramani, kesho kutwa leta barua ya chifu, ndio unaompeleka mtu kwa dalali wa vibali anayekaa ng'ambo ya barabara. Yule dalali hana uchawi wowote. Anajua tu orodha kamili, ambayo ofisi imeshindwa kuibandika mlangoni.

Na kila Jumatatu asubuhi mafaili yasomwe kwa umri, la zamani kwanza. Kwa maombi ya ujenzi na kubadilisha matumizi ya ardhi hili si suala la adabu tu. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Faili lililosahauliwa droo ya chini limekwisha kutoa idhini, bila kikao na bila saini ya mtu.

Kukataa nako kuna namna yake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na "ombi lako halikufaulu" si sababu. Barua iseme kipimo na iseme njia ya kutokea: "Umeomba nafasi ya watu 6,000; uwanja huu, baada ya kuondoa njia za dharura, unabeba 3,400. Unaweza kuupata kwa idadi hiyo, au kuchukua uwanja mwingine ulio wazi tarehe hiyo. Usiporidhika, rufaa yako ipelekwe mahali fulani kabla ya tarehe fulani." Mtu akisoma barua kama hiyo hukasirika, lakini hukasirikia hesabu. Mwanasiasa anayempigia simu kiongozi wa kitengo kumwombea mtu wake naye husomewa mistari hiyo hiyo. Ni vigumu kubishana na malango mawili ya mita 3.

Mwisho kuna ubao, ambao gharama yake ni mbao mbili na rangi. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri ibandikwe langoni mwa kila uwanja karatasi ya wiki inayofuata: nani, siku gani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, spika zinaelekea wapi, na saa za kuzizima kwa ajili ya adhana. Iwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka na mtu aliye ndani ya matatu. Jirani akisikia kelele saa nne usiku, atajua kama muda umepita au bado. Na chini kabisa iwekwe namba ya simu ya ofisi yenyewe, itakayopokewa hata Jumapili.

Mpangaji miji mstaafu,
Tudor, Mombasa